Jipu na mguu uliovimba sio ugonjwa mmoja: wanachofanya bakteria ndani ya ngozi

Watu wengi wakisikia infekshen ya ngozi wanawaza kitu kimoja, ngozi imevimba, ina joto, inauma, basi tafuta antibayotiki umeze. Huyu anameza siku 7 na jipu lipo palepale limekaa tu, mwingine mguu umevimba mwekundu anakaa anausubiri uive utoe usaha, usaha hautoki, na siku zinavyopita wekundu umeshapanda mpaka gotini. Wote wawili wameangalia ngozi wakasahau kuuliza nani yuko ndani. Na ukiangalia infekshen za kawaida za ngozi zinazoletwa na bakteria, nyingi sana zinarudi kwa wawili tu, na tabia zao ni kinyume kabisa: mmoja anajenga ukuta ajifungie, mwingine anabomoa kila ukuta anaoukuta mbele. Ukilishika hilo mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Tuanze na ngozi kwanza. Ya mtu mzima ukiitandaza ni kama mita za mraba 1.5 mpaka 2, na kwa bakteria sio sehemu rahisi ya kuishi. Ni kavu, ina chumvi ya jasho, ina asidi kidogo, pH yake ni kama 5 hivi, alafu tabaka la juu kabisa ni seli zilizokufa ambazo zinabanduka kila siku, yaani ukijishikiza pale juu unabanduka nazo. Pamoja na hayo wapo wanaoishi humo maisha yetu yote bila kutudhuru. Staphylococcus epidermidis yuko karibu kila mahali, Cutibacterium acnes anakaa ndani ya vinyweleo kwenye mafuta, na jamii ya Corynebacterium wanapenda mikunjo yenye jasho kama kwapani. Hao wanakula nafasi na chakula ambacho wabaya wangekitaka, na wengine wanavunjavunja mafuta ya ngozi yanakuwa asidi ambayo ndo inaifanya ngozi iwe ngumu kuvamiwa. Kwa hiyo wale wanaojisugua na sabuni kali za kuua vijidudu kila siku wakidhani wanajikinga, mara nyingi wanaishia na ngozi kavu yenye nyufa, na ufa ndo mlango.

Maana mlango lazima uwepo. Mkwaruzo, wembe uliopita vibaya, kung'atwa na mdudu, ukurutu, upele uliokunwa, kidonda cha kiatu, fangasi katikati ya vidole vya miguu. Ngozi nzima isiyo na tundu ni ngumu sana kupita.

Sasa wale wawili. Wa kwanza ni stafilokokasi, jina lake kamili Staphylococcus aureus, nitamwita stafi. Wa pili ni streptokokasi, Streptococcus pyogenes, nitamwita strepto. Aliyewaona vizuri kwenye usaha ni daktari wa upasuaji wa Aberdeen kule Scotland, Alexander Ogston, mwaka 1880, enzi ambazo madaktari wengi bado waliona usaha kwenye kidonda ni jambo la kawaida, na wengine walishafundishwa kuwa ni dalili nzuri. Ogston akachukua usaha wa majipu ya wagonjwa, akauweka chini ya hadubini, akakuta bakteria, kuna waliojikusanya mafungu mafungu na kuna waliojipanga mnyororo. Akauchoma usaha huo kwa wanyama, wakapata majipu. Waliojikusanya mafungu ndo stafi, wa mnyororo ndo ukoo wa strepto.

Stafi anaishi puani. Karibu mtu 1 kati ya 3 ametembea naye muda huu kwenye tundu za pua bila kuumwa chochote, anashika pua, anajikuna shingo, stafi kahama. Siku akipata kinyweleo kilichojeruhiwa anashuka nacho mpaka chini kwenye shina, na hapo ndo jipu linaanza. Siku ya kwanza ni kipele tu chekundu kinachouma ukikigusa. Mwili umeshapeleka chembe nyeupe za damu kwenda kummeza, na yeye anatoa kimeng'enya kinaitwa koagulezi ambacho kinagandisha protini za damu zilizo karibu, anajizungushia wavu wa nyuzi ili asifikiwe, na wakati huohuo anamwaga sumu zinazotoboa zile chembe nyeupe zikafa palepale. Usaha ni huo: chembe nyeupe zilizokufa, nyama iliyoyeyuka, na bakteria wazima na wafu. Mwili nao ukiona hivyo unajenga ukuta wa nje kuzuia asisambae. Siku ya tatu ya nne una donge gumu, limejaa, linapwita, juu kinaanza kuonekana kichwa cheupe.

Humo ndani ya donge hamna mishipa ya damu. Dawa uliyomeza inasafiri kwenye damu, inafika mlangoni pa jipu, kinachoingia ni kidogo, na bakteria walioko katikati wamekaa kwenye uchafu wao hawazaliani haraka wakati dawa za jamii ya penisilini zinaua bakteria akiwa anajenga ukuta wa seli yake ili agawanyike. Asipogawanyika dawa haina pa kumshika. Ndo maana jipu lililokusanya usaha dawa yake ya kwanza ni kupasuliwa na kutolewa usaha, vidonge vinakuja nyuma. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mkubwa Marekani kwa wagonjwa wa majipu waliopasuliwa, nusu wakapewa antibayotiki na nusu vidonge visivyo na dawa: wale wasiopewa dawa wengi sana walipona, waliopewa walipona zaidi kidogo. Kwa hiyo vidonge vina mchango, ila kazi kubwa imefanywa na kile kisu.

Lakini kupasua kwa mtu anayejua ni tofauti na kuliminya kwa kucha mbele ya kioo. Ukiliminya unapandisha presha ndani, na ukuta unaweza kupasukia upande wa ndani kabla ya upande wa nje, stafi anaingia kwenye damu, na stafi kwenye damu anaweza kwenda kukaa kwenye mfupa au kwenye valvu ya moyo. Na jipu la puani au juu ya mdomo usiliguse kabisa, naomba hili mlichukulie kwa uzito, mishipa ya damu ya eneo lile inaungana na mishipa iliyo nyuma ya macho karibu na ubongo. Jipu dogo likande kwa kitambaa safi cha maji ya moto mara kadhaa kwa siku, mengi yanapasuka yenyewe na kukauka. Likiwa kubwa, au yameungana kadhaa kuwa kitu kimoja chenye matundu mengi, hasa nyuma ya shingo au mgongoni, hilo linaitwa kabankali na linataka hospitali. Na ukiwa mtu wa majipu, likiisha hili linakuja lile, pima sukari, alafu uangalieni nyumba nzima mnavyotumia taulo na wembe, kwa sababu mara nyingi chanzo ni pua ya mtu mmoja hapo ndani ambaye yeye haumwi, na ipo dawa ya kupaka puani inaitwa mupirosini ambayo daktari anaweza kuwapa.

Strepto yeye kazi yake ni nyingine kabisa. Ana streptokainesi inayoyeyusha damu iliyoganda, ana hayaluronidesi inayoyeyusha ile ute inayoshikanisha seli na seli, na ana vimeng'enya vinavyoyeyusha DNA ya chembe nyeupe zilizokufa, ile inayoufanya usaha uwe mzito. Kwa hiyo kila ambacho mwili unatumia kumfungia yeye anakifungua, na badala ya kukaa sehemu moja anatambaa chini ya ngozi. Hapo unapata selulaitisi, ngozi imevimba, ina joto, imekaza, hamna donge, hamna kichwa, hamna cha kupasua. Ukisubiri uive utasubiri sana. Ikiwa imekaa juu juu zaidi na mpaka wake unaonekana wazi, umeinuka ukipitisha kidole, inaitwa erisipela, na mara nyingi inashika mguu au uso. Wengi wanaanza na kutetemeka na homa kali hata kabla hawajauona mguu, wanapima malaria, wanaenda kulala, asubuhi ndo wanaona mguu umebadilika na mtoki umetokea kwenye kinena.

Mlango wake sasa. Mguu ukipata selulaitisi, kabla ya kuangalia uvimbe, kaa chini utanue vidole vya mguu huo kimoja kimoja. Katikati ya kidole cha nne na cha tano mara nyingi utakuta ngozi nyeupe imelowa, ukiisogeza inaachia, na chini yake kuna ufa mwembamba wenye unyevu. Hiyo ni fangasi, mtu amekaa nayo miaka anaiona kitu kidogo, na strepto kapita hapo. Ukitibiwa selulaitisi ukaiacha hiyo fangasi, mlango umebaki wazi. Na kila shambulio linaharibu mirija ya limfu inayokausha maji ya mguu, mguu unabaki umejaa kidogo, na mguu uliojaa unavamiwa kirahisi zaidi, kwa hiyo la pili linakaribisha la tatu. Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013 walichukua watu wenye selulaitisi za kujirudia wakawapa penisilini dozi ndogo mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima, waliopata tena walikuwa 22% ukilinganisha na 37% ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Walipoacha kumeza ile faida ikapungua mpaka ikaisha, na hilo linaendana na mlango kuwa bado upo.

Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu, na picha zake nyingi ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa, unaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau, ngozi inang'aa kwa kukaza. Kwa hiyo tumia mkono: weka mgongo wa kiganja mguu huu alafu ule mwingine, joto linatofautiana, na bonyeza uone unavyouma. Chukua peni uchore mpaka wa uvimbe na uandike saa. Ukishaanza dawa usishangae siku ya kwanza mpaka ukasogea kidogo, bakteria wakifa wanaachia vitu vinavyochochea uvimbe, ila homa inatakiwa iteremke na maumivu yapungue ndani ya siku 2 au 3. Mguu uinue juu ukiwa umekaa au umelala, hilo linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Alafu kitu kingine, miguu yote miwili ikiwa imevimba myekundu kwa wakati mmoja na huna homa, mara nyingi sana hiyo sio selulaitisi, ni mishipa ya damu inayoshindwa kurudisha damu juu, na watu wanamezeshwa antibayotiki mzunguko baada ya mzunguko kwa ugonjwa ambao hauna bakteria.

Kuna pia mahali wanapokutana wote wawili, na hapo ni impetigo ya watoto. Kipele kidogo karibu na pua au mdomo, kinapasuka, kinatoa maji, yanakauka kuwa kigaga cha rangi ya asali, mtoto anajikuna, kesho vipo mkononi, keshokutwa kwa mdogo wake. Anaweza kuwa stafi, strepto, au wote. Ile ya malengelenge makubwa laini ni ya stafi peke yake, ana sumu inayokata gundi moja tu, protini inaitwa desmogleini 1, ambayo inashikilia seli za tabaka la juu, zikiachana maji yanajaa katikati. Kwa watoto wachanga sumu hiyo ikiingia kwenye damu, ngozi inabanduka mwili mzima kama iliyomwagiwa maji ya moto wakati bakteria mwenyewe yuko kwenye kakidonda ka kitovuni tu. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Impetigo watu wanaidharau kwa sababu inapona. Ila ikiwa ni ya strepto, wiki kadhaa baadaye ngozi ikiwa imeshakauka mtoto anaweza kuamka uso umevimba, mkojo umekuwa kahawia na mchache. Zile kingamwili alizotengeneza kupambana na strepto zimekwama kwenye figo. Wengi wanapona, lakini mama anayejua anaunganisha vidonda vya mwezi uliopita na mkojo wa leo, na hiyo inaokoa muda mwingi. Na sehemu nyingi zenye impetigo nyingi, chini yake kuna upele, kale kadudu kanakochimba ngozi na kuwasha usiku, mtoto anakuna mpaka anafungua milango mwili mzima. Fiji walilijaribu hili, wakagawa dawa ya upele ya ivamektini kwa jamii nzima, matokeo yakachapishwa 2015: upele ulipungua sana, na impetigo nayo ikashuka ingawa ivamektini haiui stafi wala strepto.

Kuhusu dawa, kuna mtu mmoja inabidi atajwe. Februari 1941 huko Oxford, polisi mmoja anaitwa Albert Alexander alikuwa anakufa kwa infekshen iliyoanzia usoni, stafi na strepto wote wawili, amejaa majipu kichwani, jicho moja limeshatolewa, imefika mpaka mapafuni. Akawa wa kwanza kutibiwa ugonjwa mkali kwa penisilini iliyosafishwa. Ndani ya siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Dawa yote iliyokuwepo duniani ilikuwa ni ile kidogo ya maabara, mpaka mkojo wake ukawa unakusanywa ili penisilini itolewe humo apewe tena. Ikaisha. Bakteria wakarudi na Machi akafariki. Kilichomuua leo kingetibika kwa dawa za kawaida za hospitali.

Ila wale wawili wameipokea penisilini tofauti kabisa. Strepto mpaka leo, zaidi ya miaka 80, anakufa kwa penisilini ya kawaida, hajapata ujanja. Stafi hata miaka ya 1940 haijaisha alishajaza mahospitali kwa aina zenye kimeng'enya kinachoivunja, ndo maana amoksisilini ya peke yake kwa jipu mara nyingi ni kujisumbua, inavunjwa kabla haijafanya kazi. Ikatengenezwa methisilini isiyovunjwa na kile kimeng'enya, na mwaka 1961 Uingereza wakaripoti stafi anayeishinda nayo. Huyo ndo MRSA. Yeye hakuivunja dawa, alibadilisha ile sehemu ambayo dawa inashika, kwa hiyo dawa karibu zote za ukoo huo zikamkosa kwa mpigo. Mwanzoni alikuwa wa hospitali, kuanzia miaka ya 1990 akaonekana sana mitaani kwa watu wenye afya njema, wanamichezo, wanajeshi, watoto. Kwa hiyo jipu lisilosikia dawa, usaha uchukuliwe ukaoteshwe maabara, kubadilisha vidonge kwa kubahatisha kunamlea.

Nje ya hao wawili, swali la kwanza la daktari mzuri ni ulipata wapi. Paka akikung'ata ana meno membamba marefu, tundu linafunga juu haraka na Pasteurella multocida anabaki ndani, kabla ya masaa 24 mkono umeshavimba. Ukimpiga mtu ngumi ya meno na ngozi ikachanika juu ya kifundo, mdomo wa binadamu una bakteria wengi sana na kiungo kile kiko karibu mno na ngozi, usisubiri. Vipele vya ghafla sehemu zilizofunikwa na nguo ya kuogelea baada ya kukaa kwenye bwawa la maji moto, huyo ni Pseudomonas, kwa kawaida vinaisha vyenyewe. Mwenye ugonjwa wa ini asiingie baharini na kidonda kibichi, kwa sababu ya Vibrio vulnificus, bakteria wa maji ya bahari.

Alafu kuna wasiouma, na hao ndo wanadanganya watu. Kimeta cha ngozi kinaanza kama kipele kinachowasha, kinakuwa lengelenge, kinaishia kuwa kigaga cheusi kabisa kilichozungukwa na uvimbe mkubwa, na hakiumi. Kama mtu amechuna mnyama aliyekufa mwenyewe au ameshika ngozi yake, aseme mapema. Kidonda cha Buruli, ambacho Albert Cook alikielezea kutoka Uganda mwaka 1897, kinaletwa na Mycobacterium ulcerans ambaye anatoa sumu inaitwa maikolaktoni, inaua nyama, inazima kinga na inazima hata hisia ya maumivu. Mtu ana kadonge kasikouma, wiki zinapita, kanafunguka kuwa kidonda ambacho kingo zake zimeliwa kwa chini, shimo la ndani ni kubwa kuliko unaloliona juu. Zamani tiba ilikuwa kukata nyama nyingi, siku hizi ni vidonge viwili, rifampisini na klarithromaisini, wiki 8, na kadonge kakiwahiwa makovu na ulemavu vinaepukika.

Na kuna kinyume chake, maumivu makubwa kuliko kinachoonekana. Strepto akishuka chini zaidi ya mafuta akafika kwenye ule utando uliofunika misuli anapata njia tambarare isiyo na damu nyingi, anakimbia, na hospitali wanaiita necrotizing fasciitis. Wakati mwingine ni mchanganyiko wa bakteria wengine, hasa kwa wenye kisukari na maeneo ya siri. Juu unaona uvimbe wa kawaida tu, labda kakidonda kadogo, lakini mgonjwa analia, hataki hata shuka limguse, mapigo yanakwenda mbio, amechanganyikiwa. Baadaye ngozi inakuwa ya zambarau au nyeusi, malengelenge yenye damu, na yale maumivu yanaondoka, mtu anadhani amepata nafuu kumbe mishipa ya fahamu imekufa. Hapa peni haikai, alama uliyochora inapitwa ndani ya masaa. Antibayotiki za mshipani zinaanza mara moja lakini haziwezi kuingia kwenye nyama iliyokufa, kwa hiyo ni chumba cha upasuaji usiku huohuo, kata yote iliyokufa, na kesho yake wanafungua tena kuangalia kama kuna iliyobaki. Ukifika mapokezi na mgonjwa wa hivi usiseme ana kidonda mguuni, sema maumivu yamezidi uvimbe na yameanza saa ngapi.